Barua ya Karani wa Mahakama

Karani hakuwahi kuniambia kabila lake. Nilimwuliza katika likizo tatu tofauti, na kila mara alinijibu kwa kunipa kazi. Mara ya kwanza nilipewa daftari jipya la mashauri ya madai nilipige mistari, kurasa zote. Mara ya pili alinituma kwa fundi nikamchukulie baiskeli yake. Mara ya tatu aliniambia nikae, akanitazama juu ya miwani na kuuliza, "Ukilijua utafanya nini nalo?" Kisha akanipa kopo la gundi na rundo la mafaili yaliyochanika.

Wakati huo nilidhani ni maringo tu. Kilosa ilikuwa na watu wa kila upande, Wasagara na Wakaguru waliokuwa kwao, na sisi wengine ambao wazazi wetu waliletwa na reli au na mkonge. Ukijua kabila la mtu unajua papo hapo kama ni mtani wako. Akiwa mtani, anaweza kukutukana mbele ya wakwe, akakunyang'anya kofia, akakudai kuku, nawe ukacheka na kumpa. Karani hakutaka mtu amnyang'anye kofia mlangoni pa mahakama, kisha huyo huyo aingie ndani kushtakiwa. Kwa hiyo alikuwa mtu wa mahakama tu, na watu walimwita Karani, hata mkewe.

Mimi nilikuwa nasoma historia chuo kikuu, Dar es Salaam, na nilikuwa nimekwisha kuamua kwamba nikimaliza shahada ile nitaomba kuingia sheria. Kitivo cha sheria kilitaka matokeo mazuri, ambayo sikuwa na wasiwasi nayo, na kilitaka barua ya mtu wa mahakama aliyemwona mwombaji akifanya kazi. Hiyo ndiyo iliyoninyima usingizi. Baba yangu alikuwa mtu wa reli, na katika mambo yote ya serikali alimfahamu mtu mmoja, huyu karani, kwa sababu wote wawili walinunua karanga kwa mama mmoja karibu na stesheni. Basi nikafungua mlango wa mahakama yetu ndogo nikiwa na madaftari mawili na shauku ya kuokota barua ile kabla likizo haijaisha.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Barua ya nini?" Baba alikuwa amekwisha kumwambia.

Nilimweleza. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwamba yeye haandiki habari za mtu asiyemjua, na kwamba kumjua mtu kunachukua mvua mbili. Nilihesabu kimoyomoyo, nikaona mvua mbili zitaniacha nje ya mlango wa kitivo. Nilikaa hata hivyo, maana sikuwa na karani mwingine.

Meza yake ilikuwa karibu na dirisha, imepangwa kwa namna ambayo mtu mwingine asingeweza kuitumia. Muhuri upande wa kushoto, kwa sababu alipiga muhuri kwa mkono wa kushoto na kuandika kwa wa kulia. Wino aliuhifadhi nyumbani na kuubeba kila asubuhi ndani ya chupa ya dawa ya kikohozi, kwa madai kwamba wino wa serikali ukilala ofisini unapungua wenyewe. Alikuwa mtu wa kanuni kuliko kanuni zenyewe. Lakini Karani huyo huyo aliwahi kuacha foleni ya watu kumi na wawili imesimama, akatoka nje kumsaidia bibi mmoja kutoka Mamboya kumfukuza mbuzi aliyekula samansi yake, na aliporudi akaandika kwenye daftari kwamba samansi imefika kwa mhusika lakini haikukaa.

Chakula alikula mbiombio, ugali wote kwa dakika chache, akisimama. Kwa watu hakuwa na haraka kabisa. Mlalamikaji akifika, mimi nikiwa tayari na kalamu, Karani alianza na mvua, akaenda kwenye barabara, akauliza habari za bonde la kwao, kama limefurika. Halafu yakafuata maswali yake matatu, yale yale kwa kila mtu, mwenye kesi ya ng'ombe na mwenye kesi ya mke: umekuja na nani, nani anajua kwamba umekuja, na nani angekuzuia kama angejua. Ndipo aliuliza umekuja kwa nini. Niliona ni umbeya wa wazee. Katika vitabu vyangu, nilivyokuwa nimeviazima kwa mwanafunzi mmoja wa sheria, hakukuwa na maswali kama hayo. Kulikuwa na kosa, na vipengele vya kosa, na mtu aliyetimiza vipengele hivyo.

Nilimwambia hivyo siku moja. Akauliza vitabu hivyo vimeandikwa wapi. Nikamjibu. Akasema ni vizuri, na akanitaka nimsomee ukurasa mmoja, nimfasirie kwa Kiswahili polepole. Alisikiliza akiwa amefumba macho. Nilipomaliza, akataka nirudie kipande kuhusu nia ya mtu, akakiandika kwa mwandiko wake mzuri kwenye karatasi, akaikunja na kuitia mfukoni. Kwa hiyo sijui kama alividharau vitabu au alivionea wivu. Nadhani yote mawili, na kila moja kwa siku yake.

Serikali ilipotaka tuitane ndugu, Karani aliendelea kusema bwana na bibi mpaka katibu wa chama alipokuja kumwonya. Tangu asubuhi iliyofuata kila mtu akawa ndugu. Ndugu mshitakiwa, ndugu shahidi, ndugu kuku wa kielelezo namba mbili. Hakimu, kijana aliyekuwa bado mgeni wilayani, hakujua kama acheke. Nilimtazama Karani usoni nione kama ni mzaha, na sikuona kitu. Mpaka leo ningependa kujua.

Aliandika kimya. Simaanishi kwamba aliandika bila kuongea, ingawa hilo pia ni kweli. Alipokuwa akichukua maelezo, mtu akinyamaza, Karani aliandika: ananyamaza. Akiangalia chini, aliandika kwamba anaangalia chini. Na mwisho wa kila maelezo alimsomea mtu maneno yake yote tangu mwanzo, hata kama ni kurasa sita, kisha akaandika chini yake: nimesomewa, nimeelewa, ni sahihi. Asiyejua kuandika aliweka dole gumba. Nilimwuliza faida yake, maana kazi hiyo ilikula nusu ya siku. Akasema, "Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Na kalamu ni mbaya kuliko ulimi, kwa sababu ulimi haupelekwi Morogoro kwenye rufaa."

Ningeweza kuendelea hivi siku nzima, kwa sababu ndiyo sehemu ninayopenda kuisimulia. Lakini kuna wiki moja katika likizo ya tatu, na bila hiyo mtu hawezi kumwelewa Karani, wala mimi.

Alikwenda Vidunda kwenye msiba wa upande wa mkewe. Kabla ya kuondoka aliniachia meza yake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa mtu. Aliniambia nichukue maelezo ya watakaokuja, nimpe hakimu. Nilifurahi mno. Nilihisi barua imekwisha kuandikwa, bado muhuri tu.

Siku ya pili akaja mtu kutoka kijiji kimoja cha njia ya Kimamba. Kaka yake alikuwa amefariki. Wakiwa bado kwenye matanga, mzee mmoja, mkata mkonge wa zamani, alikuwa ameichukua baiskeli ya marehemu ukumbini, akaondoka nayo, na alipodaiwa akakataa kuirudisha. Watu wote walikuwepo. Mchana kweupe. Nilimwuliza maswali yangu ya kitabuni: baiskeli ni ya nani, alipewa ruhusa na nani, alikuwa na nia ya kuirudisha. Ruhusa hakupewa. Kurudisha alikataa kwa kinywa chake. Nikaandika. Niliandika vizuri, sitajidai unyenyekevu, kila kipengele mahali pake. Hakimu alisoma, akasema laiti malalamiko yote yangeandikwa hivi, na akatia saini hati ya kukamata.

Yale maswali matatu sikuyauliza. Ningeuliza nani angekuzuia, yule bwana angelazimika kumtaja shemeji yake, mjane. Na mjane angesema kile ambacho mahakama nzima ilikisikia siku nne baadaye, polisi walipomleta mzee: kwamba mzee yule ni Mnyamwezi, mtani wa marehemu tangu walipokata mkonge pamoja, kwamba yeye ndiye aliyechimba kaburi, na kwamba baiskeli aliichukua akiimba na kujifanya mrithi, mpaka wafiwa wakacheka kwa mara ya kwanza tangu kifo. Mtani hupewa kitu kidogo cha kukombolea alichochukua, kuku au debe la pombe, naye hurudisha. Mdogo wa marehemu, yule aliyelalamika, alikuwa amekataa kutoa kitu hicho kwa sababu baiskeli ikikombolewa ingerudi kwa mjane, naye aliitaka mkononi mwake kabla ya mirathi kugawiwa. Wazee wa baraza, wale wanaokaa na hakimu, walicheka mwanzoni, kisha wakaacha kucheka walipomwona mzee mwenyewe hacheki. Shauri likafutwa.

Nami nimekulia katika utani. Baba yangu aliwahi kunyang'anywa koti na mtani wake kwenye msiba wa babu, mbele yangu, nikiwa na miaka saba. Nilijua kila kitu kilichohitajika kujulikana isipokuwa kwamba nilipaswa kukiuliza. Karani alirudi siku ya shauri, akasikiliza akiwa amesimama nyuma. Watu walipotawanyika aliniuliza jambo moja tu, kwa sauti ya kawaida kabisa.

"Mwizi gani huiba mchana mbele ya wafiwa wote, huku anaimba?"

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tena. Tulikwenda wote wawili kwa baiskeli mpaka kwenye nyumba za mashamba ya mkonge, ambako mke wa mzee alikuwa akitoka kila siku kwa miguu kumpelekea mumewe chakula mahabusu. Mzee alitupokea vizuri, akaitikia shikamoo yangu. Nikaomba radhi. Akasema amenisamehe, mtoto hukosea. Kisha akasema kwamba yeye kutania msibani amekwisha acha, awaachie vijana wenye nguvu za kulala rumande. Karani alijaribu kumchokoza kidogo, acheke. Hakucheka. Nilisikia baadaye kwamba alitimiza neno lake. Alikwenda kwenye misiba ya watani zake, akakaa kwenye mkeka na wengine, kimya.

Siku mbili kabla sijarudi chuoni Karani akaniita mezani. Barua ilikuwa tayari. Aliniambia nikae mahali wanapokaa watoa maelezo, akavaa miwani, akanisomea tangu mwanzo.

Ilisema kwamba amenijua kwa likizo tatu. Ilisema naandika upesi na vizuri kuliko yeye, sisemi uongo, sichelewi. Halafu ikasema hivi, nayakumbuka maneno yote: "Mwombaji aliandika lalamiko ambalo ndani yake hamna neno la uongo, na kwa lalamiko hilo mtu asiye na hatia alikaa mahabusu siku nne, kwa sababu mwombaji hakuuliza. Meza nilimwachia mimi, na kosa hilo ni langu. Mkimpokea, mfundisheni kuuliza kabla ya kuandika. Nadhani anafundishika."

Akaigeuza karatasi upande wangu. Chini, juu ya nafasi ya saini yangu, alikuwa ameandika: nimesomewa, nimeelewa, ni sahihi.

Nilimwomba aondoe zile siku nne. Nilimwambia hawatanipokea. Alisema inawezekana. Nilimwambia yeye mwenyewe ataonekana vibaya kwa wakubwa wake. Akasema hilo amekwisha kuliandika, nisome tena. Nililia pale, mbele ya mafaili, naye hakuninyamazisha wala hakuondoka. Mwishowe nikatia saini, kwa kuwa kila neno lilikuwa kweli. Akaipiga muhuri kwa mkono wa kushoto na kunikabidhi bila bahasha.

Sikuipeleka.

Nilipofika Dar es Salaam niliandikia ofisi moja ya wilaya, ambako rafiki wa mjomba wangu alikuwa na cheo. Nikapata barua ya mistari mitano kutoka kwa mtu ambaye hajawahi kuniona nikishika kalamu, iliyosema nina tabia njema na moyo wa kujenga taifa. Nilipokelewa. Barua ya Karani niliiweka chini ya nguo kwenye sanduku langu la bati, nikahama nayo bweni hadi bweni, kisha nyumba hadi nyumba. Kwa nini sikuichoma, sijui. Nimejiuliza sana.

Miaka tisa ikapita kabla sijamwona tena. Nilikuwa hakimu wa wilaya, katika mkoa mwingine, na jina langu lilikuwa limependekezwa kwa cheo cha juu zaidi. Faili langu lilikuwa Dar es Salaam likisubiri kikao. Nilikuja Kilosa kumwona baba, naye akaniambia kwamba Karani amestaafu, ameshika shamba kule Mikumi. Kesho yake nikapanda treni ya tawi, ile inayoshuka Mikumi na kuendelea Kidatu.

Nilimkuta akifunga makopo matupu kwenye kamba kuzunguka mahindi yake. Tembo walikuwa wakitoka mbugani na kuingia mashambani. Alikuwa amekonda, na miwani ilikuwa nyingine, lakini aliitikia shikamoo vile vile, kisha akanipa ncha moja ya kamba niishike. Tukafunga makopo. Alinieleza tabia za tembo mmoja mmoja, yupi anaogopa makopo na yupi hayajali, na alikuwa amewafungulia daftari, tarehe na saa ya kila aliyeingia. Nilimwuliza daftari hilo litampeleka nani mahakamani. Akasema halimpeleki mtu, anataka tu kujua.

Mkewe alituletea chai na mihogo. Karani akaniuliza habari za mahakama yangu, wazee wa baraza wakoje, wino unatoka wapi. Nilifurahi sana kuulizwa. Na katikati ya mambo hayo, akiwa anamenya muhogo, akaniuliza, "Ile barua uliipeleka?"

Ningeweza kusema ndiyo. Aliyekuwa anajua ni mimi peke yangu, na mzee angekwenda kaburini ameridhika. Nilitazama mihogo.

"Sikuipeleka, mzee. Nilitafuta nyingine."

Hakuandika kitu, maana hakuwa na karatasi, lakini alisubiri vile alivyokuwa akisubiri watu wake. Nikamwambia yote, mjomba, rafiki yake mwenye cheo, mistari mitano. Alitikisa kichwa polepole, bila hasira.

"Nimejiuliza miaka yote," alisema. "Kama uliipeleka wakakupokea, basi kuna watu chuoni ningependa kuwajua. Kama hukuipeleka, nilitaka kujua ulijisikiaje siku ya kwanza kumfunga mtu."

Nikamwambia nilivyojisikia. Ilikuwa vibaya, na sikuwahi kumwambia mtu.

"Unayo bado?"

"Ninayo."

"Basi haikupotea," akasema, akachukua kipande kingine cha muhogo. "Imechelewa."

Alirudi kwenye habari za tembo, akanisindikiza stesheni akiwa ananieleza kuhusu dume mmoja mwenye jino moja. Treni ilipoondoka alikuwa bado anazungumza, nami sikusikia mwisho wake. Alifariki mwaka uliofuata, mvua za vuli.

Jumatatu baada ya safari ile ya Mikumi, nikiwa nimepitia nyumbani kwangu kuitoa barua sandukuni, nilikuwa Dar es Salaam, kwenye masjala ya wizara. Kijana wa zamu alipokea karatasi, akaikunjua, akaona ilivyogeuka njano, akasoma mstari wa kwanza, wa pili, halafu akanyanyua macho kuniangalia. Kikao cha vyeo kilikuwa Alhamisi. Akaniuliza barua hii ni ya kuwekwa kwenye faili la nani.

Nikamtajia jina langu, na nikasubiri mpaka alipoipiga muhuri.